Mkutano wa Watu Nisiowaona

Nilipoombwa kuongoza mkutano wa mtandaoni wa watu wanaoandika programu za kompyuta, nilipaswa kukataa. Sikukataa. Niliuliza tu ni saa ngapi, na kama nivae koti.

Aliyeniomba ni mwanaume wa Shasha, pale barabara ya Sake inapofuata ziwa kwenda Minova. Mama yake alikuwa akiuza samaki, na kwa miaka mingi nilimteremshia maharagwe kutoka milimani, kwa hiyo mwanawe alikua akiniita Papa. Siku hizi ni mtu mzima mwenye ndevu na watoto wake. Anafanya kazi na mashini, ndivyo tunavyoita kompyuta kwetu, na saa zake za kupumzika anaandika programu ambazo hamuuzii mtu.

"Papa, weye njo unajua kuongoza mikutano," aliniambia kwa simu, kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho *bantu* ni watu na *njo* ni ndiyo. "Chama ya wakulima umeiongoza miaka ngapi? Na bantu hawakupigana hata siku moja."

"Walipigana mara mbili."

"Bon, mara mbili. Sisi tunapigana kila wiki, tena kwa maandishi."

Nilicheka, na nadhani nilikubali kwa sababu ya kicheko kile. Nilitaka kuona watu wanapigana vipi kwa maandishi. Nilisoma hadi mwaka wa sita wa sekondari, halafu nikalima kwetu Muheto, milimani Masisi, maisha yangu yote, na udadisi ndio kitu pekee cha shule ambacho sikukiacha. Nikiona mtu anatengeneza redio, nitasimama hapo hadi aifunge.

Nieleze kwanza programu yenyewe. Ni kitu kidogo cha kwenye simu, kilichotengenezwa kwa ajili ya vyama vya wakulima. Mkulima anaandika mbegu gani ya maharagwe ameipanda, kwenye mteremko upi, imetoa kiasi gani, na nani kijijini bado ana mbegu ya akiba. Aliyeianzisha ni mama mmoja wa Arusha. Badala ya kuifungia ndani, aliiacha wazi. Mtu yeyote anaweza kusoma ilivyoandikwa ndani, akarekebisha, akachukua. Wanaiita programu huria. Mara ya kwanza kusikia hivyo niliuliza kama huyo mama ana akili timamu. Nani alime shamba halafu aondoe uzio?

Mimi niliingia humo kwa mlango wa binti yangu. Yeye anafundisha hesabu kwenye shule ya sekondari Ntoto, upande wa Walikale. Ntoto rezo, yaani mtandao wa simu, ni ya kubahatisha, na programu ya mama wa Arusha ilitaka rezo kila wakati. Binti yangu akaandika sehemu mpya: simu mbili zikiwekwa karibu, zinapeana habari za mbegu bila mtandao wowote. Mkulima akienda sokoni, anarudi na habari za vijiji vitatu mfukoni. Wenzake walisema waziwazi kwamba ile ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ni yeye peke yake aliyeielewa mpaka chini.

Kila Jumapili, baada ya ibada, alikuwa akipanda mahali penye rezo na kunipigia. Programu ilikuwa inatafsiriwa kwa Kiswahili, na alinifanya mimi kamusi yake.

"Papa, mbegu *imeota* ao *imetoka*?"

"Imeota. Imetoka inaenda wapi?"

"Huku bantu wanasema imetoka."

"Basi hao bantu wako na mbegu zenye miguu."

Tungeweza kubishana nusu saa juu ya neno moja. Mama yake alikwisha kufariki, ndugu zake wako mbali, na sijui kama tungepata jambo lingine la kuzungumza kwa urefu ule.

Sasa mama wa Arusha alikuwa amechoka na alitaka kukabidhi. Mkutano nilioombwa kuuongoza ulikuwa wa hilo: kuchagua mtunzaji mpya, yaani mtu anayeamua mabadiliko yapi yaingie kwenye programu na yapi yakataliwe. Waliofikiriwa walikuwa wawili, mwanaume mmoja wa Kampala, na binti yangu. Binti yangu hana tabia ya kuomba vitu, lakini Jumapili moja kabla ya mkutano aliniambia maneno mawili, "Papa, naitaka." Halafu akaongeza sababu. Mtunzaji akiwa mtu wa mjini, sehemu ya watu wasio na rezo ndiyo itakayotupwa kwanza, hata bila ubaya.

Hapo ndipo nilipopaswa kumpigia yule wa Shasha na kujiondoa. Nilimpigia kweli, lakini niliuliza tu kwa adabu.

"Binti yangu atakuwa kwenye meza. Haitakuwa mubaya?"

"Njo vizuri, Papa! Weye bote wanakujua, hauwezi kumupendelea."

Nikajiambia: sitampendelea. Nililibeba wazo hilo kwa siku kadhaa kama mtu aliyekabidhiwa yai.

Mkutano ulikuwa Jumamosi alasiri. Nilikaa kwenye chumba cha mikutano kando ya kanisa letu, kwa sababu juu ya bati lake kuna plake ya jua inayotoa umeme, na dirishani rezo inafika vizuri. Simu niliiegemeza kwenye rundo la vitabu vya nyimbo. Nilivaa koti.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba wageni wanafika bila kuingia mlangoni. Miraba midogo inafunguka tu kwenye kioo, mmoja, mwingine. Mmoja ana uso, mwingine ana herufi moja, mwingine ameweka picha ya mbuzi. Nikamsalimia mbuzi kwa heshima zote, na mbuzi akanijibu kwa sauti nzito ya mwanaume wa Bujumbura.

Nilifungua kwa sala, kama tunavyofungua kwetu. Hakuna aliyekataa. Mama wa Arusha aliitikia, wengine wakatuma alama ya viganja viwili. Halafu nikaomba kila mtu aseme jina lake, kilima chake, na yeye ni mtoto wa nani.

"Mzee," alisema yule wa Kampala, "mimi kilima changu ni ghorofa ya nne."

"Na ngazi zake zinapanda?"

"Zinapanda. Lifti imekufa."

"Basi ni kilima. Endelea."

Wakacheka wote, na wakaingia kwenye mchezo. Mmoja akasema kilima chake kina jirani mwenye spika mbaya. Ilichukua muda mrefu sana. Baadaye nilijua kwamba watu hawa huwa hawaulizani haya, kwamba wengine walifanya kazi pamoja miaka bila kujua mwenzake ana watoto. Niliwauliza, mnawezaje kumwamini mtu msiyejua ametoka wapi? Mama wa Arusha akanijibu, "Tunaangalia kazi yake, Baba. Kazi iko wazi, kila mtu anaisoma." Nilikaa nalo jibu hilo. Kwetu tunamjua mtu kwanza, kazi yake baadaye. Sikuona kosa upande wao wala upande wetu, niliona tu kwamba ni tofauti, na ilinifurahisha.

Katikati ya mazungumzo niliona maandishi yanapanda chini ya kioo. Mtu mmoja alikuwa anasema, na wengine wanaandikiana wakati huohuo. Kwetu, watu wakinong'ona mwenyekiti anaposikiliza mtu, ni matusi. Nikasimamisha mkutano.

"Nani ananong'ona huko chini?"

Halafu mama wa Arusha akaeleza, akijizuia kucheka, kwamba hiyo ni kawaida, kwamba maandishi yale ni sehemu ya mkutano, wanaweka humo maswali na kukubaliana ili wasimkatize msemaji. Niliomba radhi. Lakini nikaanza kuyasoma yale ya chini, na nikagundua kuna mikutano miwili, wa juu wenye heshima na wa chini wenye vichekesho. Hata sisi tunayo miwili, ila wa pili tunaufanya njiani tukirudi nyumbani.

Jambo hilo la njiani nilipaswa kulifikiria zaidi. Mama wa Arusha alikuwa ametangaza utaratibu wao mwanzoni: mtu asipopinga, anahesabiwa amekubali. Niliitikia tu. Kumbe kwetu mtu akinyamaza mkutanoni maana yake ana jambo, atalisema kwenye kijia, akiwa amebeba jembe, na mwenyekiti mzuri anatembea polepole makusudi ili alisikie. Mkutano wa mtandaoni hauna kijia. Unabonyeza alama nyekundu na watu wanapotea.

Kabla ya uchaguzi walipitia makosa ya programu. Hapo nilisahau kabisa kwamba mimi ni mwenyekiti, nikawa msikilizaji tu. Yule wa Kampala aliweka kwenye kioo kosa aliloliandika mwenyewe, ambalo lilivuruga tarehe za kupanda za watu kwa wiki nzima, akalieleza mstari kwa mstari mbele ya wote: hapa nilidhani hivi, hapa sikujaribu, hapa nilikuwa na haraka. Halafu akamshukuru aliyeligundua. Hakuna aliyemcheka. Nimeongoza chama cha wakulima miaka mingi, na sijawahi kuona mtu anasimama mwenyewe na kusema mbegu zilioza kwa sababu yangu. Nilimuuliza kwa nini anafanya kazi hii bila malipo, kwa wakulima wa maharagwe ambao hatawaona.

"Mzee, hata programu ninayofanyia kazi ya mshahara imejengwa juu ya vitu walivyoacha wazi watu nisiowajua. Ninarudisha kidogo."

Nilimpenda mtu yule. Nalisema hili ili ieleweke kwamba yaliyofuata hayakuwa hila ya mtu.

Tukafika kwenye uchaguzi. Nilimpa nafasi yule wa Kampala kwanza, kwa sababu yeye ni mgeni na binti yangu ni wa nyumba ya mwenyekiti. Mwenye nyumba hawezi kumpakulia mtoto wake kabla ya wageni. Akajieleza bila kona: ana uzoefu huu, ana muda kiasi hiki kila wiki, amefanya hili na lile, anafaa. Niliona aibu kidogo kwa niaba yake, mtu anajisifu mchana hivi mbele za watu.

Halafu binti yangu. Sauti yake kutoka Ntoto ilikuwa inakuja vipande vipande. Alisema amefanya sehemu ya simu kwa simu, kwamba angependa programu ibaki na manufaa kwa watu wasio na mtandao, na kwamba akipewa kazi atajitahidi. Basi. Nusu dakika. Nilimwona amelelewa vizuri.

Mama wa Arusha akaniuliza, "Baba, wewe umefanya naye kazi ya tafsiri, tena ndiye uliyemlea. Unaonaje? Ataiweza?"

Hapa lazima nieleze desturi. Kwetu, mzazi akiulizwa juu ya mtoto wake mbele ya wageni, anamshusha. Anasema huyu hajui kitu, huyu hata maji hachemshi. Na wageni wanakataa: "Papa, usitudanganye, tumekula kwake!" Wanampandisha juu kuliko alipokuwa, na baba anainamisha kichwa kama aliyeshindwa. Ndivyo mtoto anavyosifiwa bila baba kujivuna. Nilifanyiwa hivyo na baba yangu, nikawafanyia wanangu. Wakwe zangu walipokuja, baba mkwe alimponda marehemu mke wangu mpaka shangazi zangu wakakasirika kwa ajili yake, na siku ile ndiyo aliyosifiwa kuliko zote.

Kwa hiyo nilisema, "Huyo bado ni mtoto. Ana haraka, anaanza mambo hayamalizi. Afadhali ajifunze kwanza kwa wakubwa."

Nikangoja wanikatalie. Nilikuwa hata natabasamu.

Hakuna aliyesema kitu. Miraba ilikaa. Mtu mmoja alikuwa anaandika, nilisikia vidole vyake. Chini ya kioo yakatokea maandishi: "Asante kwa ukweli wako, Mzee." Mwingine akaweka alama ya kidole gumba. Yule wa Shasha, ambaye angeelewa, hakuwepo. Mvua ilikuwa imeshuka ziwani na rezo yake ilikatika muda kidogo kabla.

"Tumekusikia, Baba," alisema mama wa Arusha taratibu. "Dada wa Ntoto, una la kuongeza?"

Kulikuwa na muda ambao nilidhani rezo imemkata na yeye.

"Papa amesema," binti yangu alijibu. "Sina cha kuongeza."

Angewezaje kunipinga mbele za watu? Nilimfundisha mwenyewe asifanye hivyo.

Ningependa kuandika kwamba sikuelewa. Nilielewa. Nilielewa pale pale, kidole gumba kilipotokea. Mama wa Arusha aliuliza kama kuna mwenye pingamizi yule wa Kampala akikabidhiwa, na akanyamaza kwa muda mrefu wa kutosha mtu kusema sentensi tatu. Ningesema: jamani, nilichosema ni namna yetu ya kumsifu mtoto, huyu anaiweza kuliko mtu yeyote hapa. Nilifungua mdomo. Halafu nikawaza, watasema mzee amegeuza maneno ili kumpendelea binti yake. Nikawaza jina langu la mwenyekiti asiyependelea. Nikafunga mdomo.

Alichaguliwa yule wa Kampala. Mwishoni walinishukuru, wakasema haijawahi kutokea mkutano wao ukawa na amani hivi, wakaniomba niongoze na unaofuata. Nilifurahi. Naandika na hilo pia.

Jua halijazama yule wa Shasha akanipigia.

"Papa, niko nasoma yenye waliandika ya mkutano. Huku imeandikwa: baba yake anasema haiwezi kazi. Ulisema vile?"

"Nilisema vile tunasemaka."

"Eeh, Papa! Lakini wale bantu haiko ba Masisi!"

"Nilingoja wakatae."

"Wakatae namna gani? Weye njo baba! Kwao baba akisema mutoto yake ni mubaya, wanajua njo mubaya kabisa, sababu hata baba ameshindwa kumuficha."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Ni kweli, ukikaa nalo, linaeleweka vizuri sana.

Nilimwandikia mama wa Arusha barua ndefu ya kueleza desturi yetu. Alijibu upesi, kwa upole, na kwa maswali mengi, maana naye ni mdadisi. Akasema utaratibu wao unaruhusu kulifungua jambo upya, ila aombe binti mwenyewe. Nikangoja Jumapili. Simu haikuja. Nikapiga mimi, siku ya tatu nikampata.

"Wanasema unaweza kuomba tena," nilimwambia. "Nimewaeleza. Wanajua sasa kwamba unaiweza."

"Nani amewaambia?"

"Mimi."

"Papa, wakati waliuliza, nilikuwa pale. Nilikuwa nasikia."

"Ulijua ni namna yetu ya kusema."

"Nilijua. Na nilijua wao hawajui. Nikasema, Papa ni mutu ya akili, ataona vile wananyamaza, atarudilia. Nikangoja. Uliona, Papa?"

Ningeweza kumdanganya. Hangejua kamwe.

"Niliona," nilisema.

"Aya," alijibu, bila hasira, kama mwalimu anayepokea daftari. "Niko na darasa."

Hakuomba. Miezi kadhaa baadaye yule wa Kampala aliandika kwa uaminifu wake wote kwamba sehemu ya simu kwa simu ni nzito kuitunza, kwamba hana mtu anayeielewa, akauliza kama kuna anayepinga kuiondoa, na kama yupo, nani ataitunza. Nilikuwa nimeshaandika pingamizi langu, halafu nikaona sina jibu kwa swali lake la pili: nani ataitunza? Binti yangu hakuandika kitu. Sehemu ile ikaondolewa. Wakulima wa Ntoto wakarudi kwenye madaftari.

Sikuongoza mkutano mwingine. Niliwapelekea pendekezo moja tu, kwamba anayeongoza asiwe ndugu wa anayechaguliwa, na wakalikubali siku hiyohiyo kwa vidole gumba vingi. Bado nasoma mazungumzo yao, mara nyingine nauliza swali, nao wananijibu kwa uvumilivu. Juzi niliwauliza kwa nini programu inahesabu kuanzia sifuri. Walibishana siku mbili.

Binti yangu haandiki programu tena. Anafundisha hesabu Ntoto. Sikukuu ananipigia, ananiuliza kifua changu kikoje, namwambia kinaendelea, ananitakia heri, anakata. Jumapili hapigi, na neno hajaniuliza tena. Kwa kukubali kuongoza mkutano ule, nilimnyang'anya kazi aliyoipenda, na nikapoteza imani aliyokuwa nayo kwangu.